Koti la Baridi, Tairi la Theluji

Mwezi Machi, mabati ya soko la mitumba la Mchikichini, Dar, yakiwa hayashikiki kwa jua, hakuna anayegombania koti la sufu. Robota likikatwa kamba asubuhi, mikono ya wachuuzi inakimbilia fulana, jinzi na magauni mepesi, na mali ya chaguo la kwanza inaondoka kabla chai haijapoa. Makoti mazito, yale ya manyoya shingoni na zipu mbilimbili, yanarushwa pembeni. Hakuna anayehangaika nayo, maana kila mtu anajua yanamsubiri nani. Yanamsubiri Mkinga.

Mwenyeji wangu ni mmoja wa hao Wakinga. Meza yake ilikuwa miongoni mwa zilizoteketea moto ulipolila soko hilohilo, maarufu kwa jina la Karume, Januari 2022, miezi michache tu baada ya soko kuu la Kariakoo kuungua. Akaanza upya, na akaanza na makoti. Huyakusanya kidogo kidogo kwa wachuuzi wenzake, kwa bei ambayo mtu wa Dar anaona ni ya kuondoa takataka, anayafunga upya robota kwa robota, kisha anayapandisha kwao Makete kabla baridi ya Juni haijaingia. Kurudi, anapakia viazi. Safari hii alinipa nafasi katika pikapu yake, Hilux ya zamani isiyovuta magurudumu ya mbele, nami sikuuliza mara mbili.

Kabla ya kuondoka ilibidi pikapu ivishwe matairi mawili ya nyuma, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda safari hata kabla haijaanza. Tulivuka Shaurimoyo kuelekea upande wa Gerezani, kwenye mafundi na spea, tukasimama kwa kijana mwenye matairi yaliyopangwa hadi usawa wa paa. Mengine mapya, mengine yamevuliwa kwenye magari yaliyoshushwa bandarini kutoka Japani. Kijana alimwona mwenyeji wangu, akaisikia lafudhi, akajua pa kugusa.

"Bosi, chukua hizi za theluji. Kashata zote nzima. Si unapeleka gari Makete? Huko ndiyo kwao hizi."

Kweli yalikuwa mazuri machoni. Vina virefu, na juu ya kila kashata mikato myembamba imejipinda ubavu kwa ubavu, mingi kiasi kwamba mpira ulionekana umechanjwa wembe. Ubavuni kulikuwa na neno STUDLESS, na chini yake alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji tumboni. Bei ilikuwa chini ya nusu ya tairi jipya.

Dereva wetu ni mtu mzima ambaye kila mmoja pale anamwita Mzee, na mwenyewe ameshasahau kuitikia jina jingine. Hakutazama kashata. Alibonyeza ukucha wa dole gumba kwenye mpira, ukazama. Akazungusha tairi akitafuta tarakimu nne ndani ya kile kiduara kirefu cha ubavuni: 4117. Wiki ya 41 ya mwaka 2017.

"Kijana wangu, hili limezaliwa kabla ya Korona."

"Mzee, kule Wajapani wakati wa joto wanayavua wanayaweka stoo. Nusu ya umri wake halijatembea."

"Na stoo nako linazeeka," Mzee akasema. Akahamia kwenye mapya.

Kijana hakuwa mwongo. Matairi haya kweli yanavaliwa miezi ya baridi na kuvuliwa ya joto, na yana historia ya kusisimua kuliko sura yake. Zamani watu wa kaskazini mwa Japani walikuwa wakivaa matairi yenye misumari ya chuma ili yaume barafu. Theluji ikiyeyuka, misumari ilisaga lami, na miji kama Sendai ikafukiwa na vumbi la barabara hadi watu wakapiga kelele. Mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuzuia matairi hayo. Wenye viwanda walishaanza kutafuta njia nyingine. Bridgestone walitoa Blizzak yao mwaka 1988. Jibu lilikuwa mpira laini usiokakamaa kwenye baridi, pamoja na hiyo mikato midogo yenye kingo nyingi za kushika. Tairi la kawaida huanza kuwa gumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Hili la theluji hapo ndipo linapoanza kazi. Na kwa sababu hiyohiyo, likiletwa kwenye lami ya Mbezi saa nane mchana, mpira wake unalegea, kashata zinayumba chini ya mzigo, linapata moto na kulika upesi.

Mzee hakuyaeleza hivyo. Alisema, "Hili likibeba robota, Mikumi halifiki." Akachagua mawili ya plai nane, kashata za wastani, si zile kubwa za kupasulia tope wala si zile nyembamba za lami tupu. Mwenyeji wangu akalipa huku ameukunja uso.

Nilielewa ule ukali wa Mzee tulipokuwa barabarani. Kuanzia Chalinze hadi Morogoro kando ya njia kumelala ngozi za matairi, vipande virefu vyeusi vilivyochanika kutoka kwenye malori, na ukiviangalia kwa muda unaanza kuhesabu misiba ambayo huijui. Zamani, taifa hili lilikuwa na tairi lake. General Tyre ya Arusha ilitengeneza matairi yaliyokuwa yakisifiwa na kila dereva wa makamo niliyewahi kukaa naye, na mashamba ya mpira ya Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero yalipandwa kwa tamaa hiyo. Kiwanda kilisimama, miaka inakwenda, na sasa tunachagua kati ya jipya la mbali na kuukuu la mbali zaidi. Mzee aliendesha gari la shirika moja la umma siku hizo. Alisema tofauti ilikuwa kwamba tairi liliagizwa kwa ajili ya barabara iliyopo. Siku hizi barabara ndiyo inayosikilizia tairi litakalokuja.

Mikumi tulipita taratibu, kwa adabu ya mabango yanayotaja faini ya kila mnyama. Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu kwa akina mama wanaokimbia na gari wakiwa wameinua nyavu hewani, na sijui kwa nini vitunguu vya pale vina ladha ya kusafiri. Kisha Kitonga, malori yakipanda kwa kikohozi na yanayoshuka yakinuka breki. Baada ya hapo hewa inabadilika. Kufikia misonobari ya Sao Hill, Mafinga, nilikuwa nimefunga kioo. Makambako mama ntilie alitupokea kwa "Kamwene" na chai ya maziwa yenye tangawizi ya kukereketa, na mimi, mtu wa Ilala, nikakaa karibu na jiko bila kualikwa. Mwenyeji wangu alicheka. Akaenda garini, akafungua robota moja kwa kisu na kunitupia koti la rangi ya machungwa lenye kibandiko cha klabu ya kuteleza kwenye theluji. Mfukoni nilikuta tiketi ya karatasi iliyofutika maandishi. Mtu fulani huko alishuka nalo mlimani, akalichoka, na sasa lilikuwa linapanda tena.

Chimala ni mji wa joto, uko chini kwenye bonde la Usangu, na wali wake wa Mbarali unanukia hadi kwa mtu aliyeshiba. Lakini kila anayekula pale anatazama juu. Ukuta wa milima umesimama kusini, na barabara ya kwenda Matamba inaupanda kwa kona zinazojulikana nchi nzima kwa idadi yake: Hamsini na Saba. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Udongo ulikuwa mwekundu na unang'aa, na kung'aa huko hakuna dereva anayekupenda.

Hapa Mzee alishuka na kufanya mambo ambayo niliyatazama kwa makini kuliko ninavyomtazama mchungaji madhabahuni. Kwanza aliyahamisha marobota. Tangu Dar yalikuwa yamesambazwa sakafuni sawasawa; sasa akayavuta, akayarundika juu kabisa ya ekseli ya nyuma, akayakaza kwa mipira iliyokatwa kwenye matairi yaliyokufa. Kisha akapunguza upepo kidogo kwenye magurudumu ya nyuma ili tairi litandaze unyayo. Mwisho akatoa minyororo chini ya kiti, akaiangalia, akairudisha. "Ikikataa, tutaivaa."

Pikapu tupu ni gari la ajabu. Injini iko mbele, uzito uko mbele, na magurudumu yanayosukuma yako nyuma, mahali ambapo hakuna kitu. Bila mzigo, nyuma inaelea. Kwenye lami kavu hulioni hilo. Kwenye utelezi ukikanyaga mafuta, mkia unakwenda upande wake na wewe upande wako. Wakati Mzee anakaza mipira, mwenyeji wangu alimpigia video mtoto wa dada yake anayeishi Montreal, Kanada, amwonyeshe mlima wa nyumbani. Kule ilikuwa asubuhi, na kijana naye alikuwa nje anazoa theluji kwa koleo pembeni ya pikapu yake. Akageuza simu. Kwenye bodi la nyuma alikuwa ameweka mifuko ya mchanga, juu ya ekseli kabisa.

"Anko, shikamoo! Na huku ndiyo hivyohivyo. Bila mchanga haiendi."

"Marahaba. Na matairi?"

"Ya theluji. Huku Quebec ni sheria, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ukikamatwa bila hayo unalipa."

Mzee alisogea akaiinamia simu, akaomba aonyeshwe tairi kwa karibu. Alilitazama kwa muda, mikato yote imejaa theluji iliyoshindiliwa, nyeupe, kama ugali ulioganda kwenye mwiko. Akauliza kwa nini haling'oi ile theluji. Kijana akasema linatakiwa liishike: theluji inang'ang'ania theluji yenzake, ndiyo breki yenyewe. Tairi likiwa safi, linateleza zaidi.

"Ahaa," Mzee akasema. Alinyamaza. "Basi hilo huku litatuua."

Sikumwelewa hadi kona ya ishirini na kitu. Tope letu halishikani na tope lenzake. Likijaa kwenye kashata, tairi linageuka kipara hapohapo, hata kama ulilinunua jana. Tairi la tope linatakiwa litapike: vina vipana, kashata zilizoachana, ili kila mzunguko udongo uruke nje na kashata ishuke safi kuuma tena. Nilikuwa nauona ukiruka. Vipande vilikuwa vinapiga bodi na kupita dirishani. Mzee alikuwa katika gia ya pili, mguu mtulivu, hasimami, haongezi, anazungumza na gari kwa sauti ya chini kwa maneno ambayo mengine si ya kuandikwa. Kwenye kona moja mkia ulicheza. Nilishika mlango. Chini yangu nilikuwa naiona Chimala nzima, mashamba ya mpunga yakimeta, na pembeni ya njia hakukuwa na kitu cha kuzuia macho wala gari. Mzee aliachia mafuta, akaelekeza usukani kule mkia ulikokwenda, gari likajinyoosha. Minyororo haikuvaliwa.

Matamba palikuwa na ukungu, na watu wamevaa Mchikichini. Sisemi kwa mzaha. Mzee wa Kiwanji aliyekuja kutupokea alikuwa na koti refu la mfanyakazi wa reli ya mahali fulani Ulaya, vifungo vya shaba vyote vipo. Mtoto aliyemshika mkono alivaa jaketi la michezo lenye kofia ya manyoya. Robota la kwanza lilifunguliwa juu ya turubai, na katika dakika chache bidhaa iliyokuwa ikirushwa pembeni Dar ilikuwa inajaribiwa, inanuswa, inagombewa; mama mmoja alivaa matatu kwa mpigo ili mwenzake asimwahi. Nguo iliyoshonwa kwa baridi ilikuwa imefika kwenye baridi. Inazunguka nusu ya dunia, inapita kwenye jiji lisiloihitaji, na bado inamkuta mwenyewe. Nilitaka kuamini kwamba kila kitu cha mtumba kina mwenyewe anayekisubiri namna hiyo.

Asubuhi tulipanda uwanda wa Kitulo, mita 2,600 juu ya bahari, mahali wenyeji wanapoita Bustani ya Mungu. Mti hakuna. Ni nyasi na maua hadi upeo, mekundu, ya njano, ya zambarau, na ukungu unaopita katikati yake kwa haraka ya mtu mwenye shughuli. Palitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea. Sababu moja iliyochochea ni chakula. Okidi za huku zina viazi vidogo ardhini, na kwa miaka mingi vilichimbwa kwa magunia na kuvushwa hadi Zambia, ambako vinapondwa pamoja na karanga kupikwa chikanda. Kwa hiyo ua lililoota hapa linaishia kuliwa Lusaka, huku koti lililoshonwa nisikokujua linaishia kuvaliwa hapa. Sikuona chikanda, nikaishia kula viazi mviringo vya kuchemsha na chumvi, vitamu kiasi cha kudharau mchuzi.

Ni hapo Kitulo nilipokutana na tairi la theluji lililopata ajira. Mtu mmoja anayebeba maziwa na viazi alikuwa amesimamisha pikapu ndogo, zile tunazoziita kirikuu, na ubavuni nikaiona alama ya mlima wa vilele vitatu. Lilikuja na gari, alisema. Gari alilinunua Dar likiwa limeshuka melini, akalipandisha hivyohivyo. Mzee wetu alishainama akabonyeza ukucha.

"Linakufaa, ndugu yangu?"

"Juni na Julai, mzee, nalisifu," yule bwana alijibu. "Saa kumi na moja alfajiri sakitu imeanguka, majani meupe, njia imekakamaa. Wenzangu wanaserereka. Mimi napita."

"Na sasa?"

Alicheka, akapiga teke kashata. Mikato yote ilikuwa imezibwa na udongo mkavu, imekuwa uso mmoja laini. "Sasa mimi ndiye ninayesukumwa."

Nilimuuliza kwa nini asiwe na seti mbili, ya kipupwe na ya masika, kama Wajapani. Alinitazama kwa huruma. Seti mbili za matairi kwa kirikuu kimoja! Mtu wa Quebec ameamriwa na sheria, na mshahara wake ulipangwa akiwa tayari ameamriwa. Huku mtu anachagua tairi mara moja, anachagua kwa alichonacho mfukoni siku ile, na mwaka mzima ulio mbele, pamoja na tope, vumbi, sakitu na lami ya kwenda mjini, utabidi uingie humo. Nadhani ndiyo maana Mzee alichagua la wastani. Si zuri sana popote, lakini hakuna mwezi linapokuacha mlimani. Yule kijana wa Gerezani aliuza kwa ramani: baridi kwa baridi. Kwa makoti ramani ilitosha. Kwa matairi ilitakiwa kalenda pia.

Kushuka kuelekea Makete njia ilikuwa na tope jeusi, zito, na shimo moja refu ambalo mvua ilikuwa imelilaza katikati ya mteremko. Vijana sita hivi walikaa ukingoni wamevaa makoti, koleo na kamba pembeni. Kazi yao ni kusukuma. Hawana haraka. Mwenyeji wangu aliniambia tangu lami ilipofika wilayani kutokea Njombe biashara yao imekua, na mimi nikadhani amekosea kusema, hadi nilipoona. Lami inawaleta watu na magari ambayo zamani yasingethubutu: saluni za chini, matairi kipara, madereva waliokuja arusi wakiwa na viatu vyeupe. Wanafika mwisho wa lami wakiwa na kasi ya lami.

Gari la mbele yetu lilikuwa hilo hasa. Lilizama hadi bampa. Kiongozi wa vijana alishuka, na hakumsalimia dereva kwanza. Alizunguka gari lote, akainama kwenye kila gurudumu, akapitisha kiganja juu ya mpira.

"Nyuma yote kipara, shemeji," alisema. "Elfu arobaini."

"Arobaini! Yule wa pikapu hapo juzi si mmemtoa kwa kumi?"

"Yule alikuwa na kashata. Yule tulimsaidia. Wewe tunakubeba."

Mzee alizima injini ili asikie vizuri. Dereva wa saluni akatoa ishirini. Kiongozi akarudi ukingoni, akaketi, akavuta zipu ya koti lake hadi kidevuni.